Oili ya Pijo ya Mama Abdinoor Ilikwenda Wapi?

EMALI, Agosti 1986

Saa mbili asubuhi, Jumatano. Muthama Kiema amepiga magoti kando ya Pijo 403 nyeusi, amefumba macho, anaomba. Midomo tu ndiyo inayosogea. Mkono wake wa kulia umeshika bampa kama mtu anayemshika mgonjwa.

Anapofumbua macho, mwenye gari amekwisha kusimama mbele yake na mkasi.

"Ngoja nikague kwanza," anasema Kaltun Muktar.

Anainama kwenye boneti. Hapo kwenye kishikizo kuna uzi mwekundu alioufunga mwenyewe Jumatano iliyopita, mafundo matatu. Anayahesabu kwa kidole. Hayajaguswa. Anaukata uzi na kuurudisha kwenye pochi.

"Fungua, fundi. Lakini leo sibanduki hapa."

Muthama anachomoa stiki, kile chuma chembamba cha kupimia oili. Anaifuta kwa kitambaa, anairudisha, anaichomoa tena. Oili iko chini ya alama ya chini. Wiki iliyopita aliijaza hadi alama ya juu, Kaltun akiangalia.

"Lita moja na nusu tena," anasema Kaltun. "Boneti imefungwa, uzi mzima, oili hakuna. Imepanda treni?"

Muthama anaifuta stiki tena. Ana umri wa miaka hamsini na saba, na thelathini kati ya hiyo amekuwa akitengeneza magari chini ya bati lake karibu na reli. Zamani alikuwa akihudumia magari tisa kwa wiki. Sasa ni mawili, na hili la Kaltun ni moja.

"Watu hawakuambii wewe ni mwizi," anasema. "Wanakusalimia vizuri, halafu wanapeleka gari kwingine. Hata kanisani, nikipitisha kikapu cha sadaka, naona macho yananifuata mpaka mlangoni."

Gari hili Kaltun aliachiwa na marehemu mumewe. Ndilo linalomletea bidhaa za duka lake kutoka Loitokitok. Oili ilianza kupotea mwezi wa pili. Wa kwanza kushukiwa alikuwa dereva, Mulei Nzomo, mtu wa Matiliku mwenye watoto watano.

Aliyemtaja ni Muthama mwenyewe.

"Mama aliniuliza, nikamwambia labda dereva anauza huko njiani. Nilisema labda," anasema, kisha anatazama chini. "Lakini nilisema."

Mwezi wa sita Mulei akafukuzwa. Usukani ukashikwa na Abdinoor, mtoto wa Kaltun, na bado oili ikaendelea kwenda. Mama hawezi kumshuku mwanawe wa kumzaa. Akabaki fundi. Ndipo uzi mwekundu ulipoanza, na wiki iliyopita Kaltun akatoa neno la mwisho: Jumatano hii fundi amwonyeshe oili inakokwenda, la sivyo yeye Kaltun atasimama sokoni awaambie watu kwa nini amemnyang'anya Muthama kazi.

Muthama alirudi nyumbani akiwa na kitu kimoja tu mkononi, kijitabu cha maelezo ya gari alichokiona ndani ya gari miaka mingi bila kukifungua. Hakukifungua kwa sababu hakujua kusoma. Tangu mwaka jana anahudhuria ngumbaru, masomo ya jioni ya watu wazima. Jumapili, baada ya ibada, alikifunua ukurasa kwa ukurasa hadi akafika kwenye picha ya mkebe wa oili. Kando yake palikuwa na tarakimu: 4.

"Injini hii inataka lita nne," anamwambia Kaltun sasa. "Nataka tumwage yote, tupime upya."

"Kwa mkebe wako huo? Mkebe wako siuamini."

"Basi leta wako, Mama Abdinoor."

Kaltun anakwenda dukani na kurudi na kipimo cha lita moja anachouzia mafuta ya taa, amekipangusa kikakauka. Kimepigwa muhuri wa serikali. Anamwonyesha Muthama muhuri huo, kisha anamwonyesha tena.

Gari linasukumwa hadi kwenye sakafu ya saruji. Muthama anaweka karai la maji juu yake kuhakikisha ni tambarare. Anafungua kizibo cha bakuli la chini la injini, oili nyeusi inashuka hadi tone la mwisho. Anafunga.

"Bismillahi," anasema Kaltun, na kumimina mwenyewe. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Wanangoja dakika kumi ili oili itulie. Muthama anatumbukiza stiki, anaichomoa na kuiinua kwenye mwanga. Oili imegusa ncha tu, haijafika alama ya chini.

"Si unaona bado?" anasema Kaltun. "Ongeza."

"Hapana, Mama. Imejaa."

 Kaltun anatazama stiki, anatazama kipimo chake chenye muhuri, anatazama stiki tena.

Muthama anaeleza polepole. Stiki hii ni fupi. Inasema oili imepungua wakati imetosha. Kila Jumatano wakijaza hadi alama ya juu, injini inabeba lita tano na nusu. Ile ya ziada inachapwa na mtaimbo unaozunguka ndani, inarushwa nje kwa nyuma, inanywewa na vumbi la barabara. Ikibaki lita nne, stiki inadai tena.

"Kwa hiyo hakuna aliyeiba," anasema Kaltun.

"Hakuna."

"Na stiki fupi imetoka wapi? Mume wangu hakuwa na stiki fupi."

Hapa Muthama angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyejua. Anaikunja kofia yake mkononi.

"Ya mzee ilivunjika mikononi mwangu, mwezi wa pili. Niliona haya kukwambia. Hii niliitoa kwenye 404 iliyokufa. Nikadhani ni ndugu, zitafanana."

"Aiya, fundi! Miezi sita unaniangalia machoni, na mtu wa watu nimemfukuza!"

"Ndiyo, Mama. Mwizi sikuwa. Lakini Mulei nilimwangusha mimi."

Kaltun anageuza uso. Muthama anarudi kwenye kazi, kwa kuwa kazi haijaisha. Anachukua ukanda wa chuma uliofungia sanduku la misumari, anaukata uwe stiki mpya, anaupinda juu ukae vizuri kwenye tundu. Anautumbukiza, na pale oili ilipofika anakata alama kwa tupa. Anamwaga lita moja, anangoja, anakata alama ya pili. Lita nne juu, tatu chini. Kisha anairudisha ile lita, na Kaltun anahakikisha kila alama kwa ukucha.

Jumamosi Muthama atapanda basi kwenda Matiliku, kumwomba Mulei msamaha mbele ya mkewe na watoto.

"Namwomba Mungu anipe mdomo wa kusema yote, nisibakize," anasema. "Nataka arudi kwenye usukani huu, na niwe ninapima oili yeye akiwa amesimama hapa."

Anaifunga ile stiki fupi katika gazeti, ili Mulei aione. Kaltun anamnyang'anya kifurushi, anatoa uzi mwekundu kwenye pochi na kukizungushia.

"Mulei akate mwenyewe," anasema, akikaza fundo la tatu. "Na nitamuuliza mafundo yalikuwa mangapi."