Mifuo Mahali pa Ami

"Wayua vipi kuwa yuko, na wewe hukumwona?"

Mke wa ami yangu aliniuliza hivyo akipaa samaki uani kwao Siyu, kisiwani Pate. Nilikuwa nimemwekea simu mbele ya uso kumwonyesha chui wa theluji. Kwa muda mrefu video ile huonyesha jabali tupu huko kwenye milima ya Asia ya kati. Unatazama mawe, theluji na mawe tena, unaanza kuchoka, halafu kipande cha jabali kinageuza shingo na kukutazama. Manyoya yake ni ya kijivu kilichochanganyika na maziwa, na madoa yake yamefifia kingoni kama moshi. Mkia ni mnene, mrefu karibu sawa na mwili wake, na akilala hujizungushia usoni kama mtu aliyejifunika shali. Sikujua kiumbe mzuri kuliko huyo. Pia sikumjua mtu yeyote aliyewahi kumwona kwa macho.

"Kuna watu wamempiga picha," nilisema.

"Na majini pia wamepigwa picha. Nipe kile kisu."

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Nairobi, shahada ya elimu ya wanyama, na kazi sina. Nyumbani Mkomani, mjini Lamu, au Amu kama tunavyouita wenyewe, walishanichoka. Mtu akisema jambo, nilitaka kujua nani alilisema kwanza, na alilijuaje. Mama yangu aliniambia hakuna mume atakayevumilia kuhojiwa kabla ya chai ya asubuhi. Basi kikundi kimoja kidogo cha uhifadhi kilipotafuta mtu wa kwenda Pate kuuliza kama bado kuna nguva, kila mtu nyumbani aliona nafaa sana kwenda.

Nguva ni mnyama wa bahari, mzito kama ng'ombe, anayekula nyasi zinazoota chini ya maji. Hana matamvua kama samaki. Lazima apande juu kuvuta pumzi, na akinaswa kwenye jarife, ule wavu mzito wa kutegea papa na samaki bapa aitwaye taa, hufa maji kama mtu. Kamati ya wavuvi ya Siyu ilikuwa inakaribia kukutana kuamua jambo moja: kama nguva bado wanakula kwenye nyasi za nje ya mikoko, jarife zitaondolewa pale. Kama hawapo, zitabaki.

Katikati ya nyasi zile ndipo palipokuwa mahali pa ami. Siyu kila mtega jarife ana mahali pake. Hapana ukuta wala bendera, lakini mwenyewe anapajua kwa alama za nchi kavu: mnara fulani ukae juu ya mkoma fulani, na mdomo wa mkondo uwe begani. Ami alipewa mahali pale na baba yake, na hakuna mwingine aliyethubutu kutega hapo. Samaki waliolisha nyumba ile walitoka pale.

Hata hivyo alinipokea vizuri, kwa sababu hakuwa na wasiwasi. "Nguva waliisha zamani," alisema. "Uliza mpaka uchoke, Bi Daktari. Utakula samaki wetu, utanenepa, utarudi Amu."

Ugomvi wake ulikuwa na watu wengine. Mkondo wa kuingia Siyu hukauka maji yakipwa, kwa hiyo boti za injini zinazokuja kununua samaki husubiri nje mpaka maji yajae. Ami alikuwa na hakika kwamba zinasubiri mahali pake na kuburuta nanga zao juu ya nyasi. Alishawatukana wenye boti mbele za watu, kwa maneno ambayo mkewe alikataa kunirudia. Wao waliapa kwamba hawajawahi kutia nanga pale.

"Una simu nzuri," aliniambia. "Njoo upige picha walivyonifanyia. Siku ya mkutano waone wote."

Tulitoka asubuhi ya bamvua, maji yalipokuwa yanapwa sana. Ami aliusukuma mtumbwi kwa upondo kati ya mikoko, tukasubiri nje mpaka ukakaa juu ya matope. Bahari ilijivuta mbali, nyasi zikalala chini zikimeta, kijani hadi macho yanachoka. Ndani ya kijani kile kulikuwa na mifuo, mingi, kama mtu aliyepitisha wembe kichwani bila mpango.

"Tazama walivyonilimia!" ami alisema. "Ndia yote hii. Piga. Na hapa. Na pale."

Nilipiga. Mwanzoni niliona alichokiona yeye. Nani asingeona nanga? Watu wa Siyu wanaishi na nanga. Lakini nilipoinama kupiga picha ya karibu, mfuo mmoja ulinisumbua. Ulikuwa na upana wa shibiri, sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Ulikwenda mbele, ukapinda kushoto bila sababu, ukakoma. Hatua kidogo mbele ukaanza tena.

"Ami, nanga yako iko mtumbwini?"

"Nanga ya nini, na sisi tuko nti kavu?"

Niliichukua. Niliitupa kwenye nyasi ambazo hazijaguswa, nikajifunga kamba kiunoni, nikaanza kuvuta. Matope yaliniingia hadi magotini. Nanga haikutaka. Nilivuta, nikaanguka kifudifudi, nikainuka na buibui limegeuka rangi, nikavuta tena. Ami alicheka hadi akajishikilia ukingo wa mtumbwi.

"Punda wa Mkomani hawakukufundisha kuvuta?"

"Njoo unisaidie basi."

"Mimi? Watu wakiniona nalima bahari na mwana wa ndugu yangu wataniita kichaa."

Lakini alikuja. Ilikuwa hivyo kwa ami, mdomo ulikataa na miguu ikaja. Tuliivuta pamoja mpaka nikatosheka, kisha tukarudi nyuma kutazama tulichofanya.

Nanga ilikuwa imekata jeraha jembamba lenye kina, kingo zote mbili zimesukumwa juu. Mwishoni nyasi zilikuwa zimesongamana kwenye makucha yake kama nywele kwenye kitana. Hakuna kilichopotea. Kila kilichong'olewa kilikuwa kimelala pale pale. Kwenye ile mifuo mingine hapakuwa na hata unyasi mmoja uliolala. Nilitia vidole ndani ya tope nikitafuta mizizi. Pembeni ilikuwapo, mingi, migumu. Ndani ya mfuo haikuwapo. Kitu kilipita hapa kikachukua majani na mizizi yake, taratibu, kikasogea.

Wakati huo nilimkumbuka mhadhiri wetu. Alikuwa ametueleza kwamba wengi wanaomchunguza chui wa theluji hupitisha miaka wakisoma makwaruzo yake ardhini, kinyesi chake, unywele uliokwama kwenye mwamba, na kwamba siku ya kumwona yeye mwenyewe ni ya bahati. Nilinyoosha mkono nikamuuliza kama hayo ni maarifa au ni matumaini. Darasa lilicheka. Nilijiona hodari siku ile. Sasa nilikuwa nimepiga magoti kwenye matope ya Siyu, na moyo unanidunda kwa sababu ya nyasi ambazo hazipo.

Nilipoinua uso, ami hakuwa anacheka tena. Alikuwa amechuchumaa juu ya mfuo mwingine, na yeye vidole vyake vimo ndani ya tope. Hakuhitaji kuelezwa ni mnyama gani.

"Futa hizo picha," alisema.

"Siwezi, ami."

"Ndimi niliyekuleta."

"Umenileta nimpige picha aliyepita mahali pako. Nimempiga."

"Mwana wewe, wayua wavu ule ndio sufuria ya mke wangu kule nyumbani?"

"Najua."

Nilijua kweli. Nilikuwa nakula kwenye sufuria ile. Nilitamani awe amekosea, au niwe nimekosea mimi, na ndiyo maana kesho yake nilirudi peke yangu kwa miguu kupitia njia ya nyuma ya mikoko nikapima mifuo mingine. Nilitafuta sababu yoyote ya kutoamini. Kaa? Mawimbi? Taa aliyejizika? Taa huacha shimo. Mawimbi hayachagui. Nilirudi nyumbani nimechubuka miguu na nikiwa na hakika zaidi ya nilivyotaka. Jioni mke wa ami alinipakulia wali bila kuniangalia. Nilikula, lakini picha sikufuta.

Mkutano ulikuwa kwenye banda la kupokelea samaki. Afisa wa uvuvi, mtu wa bara ambaye hajakaa sana visiwani, alipewa kiti cha plastiki. Wanaume walijaa kwenye mikeka, wenye boti pia walikuwapo, na ami alikaa mwisho kabisa karibu na mizani, ameegemea nguzo. Nilisimama nikaonyesha picha, kwanza mifuo, kisha alama ya nanga tuliyoivuta. Afisa aliishika simu mbali na uso kama mtu anayesoma bila miwani.

"Sasa madam, hizi zote si nanga tu?"

Kicheko kilipita.

"Hii moja ndiyo nanga. Hizi nyingine zimeliwa."

"Sawa. Kuna mtu hapa amemwona huyo mnyama? Mwaka huu? Mwaka jana?" Alizungusha macho. Hakuna mkono ulioinuka. "Na wewe umemwona?"

"Sijamwona."

"Sasa tufungie wazee riziki kwa sababu ya mnyama ambaye hata wewe hujamwona?"

"Amesoma mno huyu," mtu alisema nyuma. "Mwacheni, kesho atatupigia picha shetani."

Nilianza upya, toka picha ya kwanza. Nilieleza upana, nilieleza mizizi. Afisa alishaanza kutazama saa yake niliposikia mtu akijikohoza karibu na mizani.

"Nanga haili nyasi," ami alisema.

Watu waligeuka.

"Yule mwana na mimi tumeivuta nanga pale. Nimeona kwa mato yangu inavyoacha nyasi zimelala. Pale zimetafunwa." Alisimama. "Watu wa boti niliwatukana. Wako hapa. Haikuwa nyinyi. Mniwie radhi."

Mwenye boti mmoja alijibu, "Yamepita, Bwana," lakini alijibu kwa sauti ya mtu ambaye yamepita kwa shida.

"Mzee," afisa alisema, "unaelewa unachosema? Ukisema mnyama anakula pale, wa kwanza kutoa wavu ni wewe."

"Naelewa."

"Basi tunaweza kusema hatuna uhakika..."

"Nani hana uhakika?" Hapo ami alipandisha sauti, na nikajua hivyo ndivyo alivyowatukana wenye boti. "Mahali pale ni pangu. Mtu wa kuja leo na kiti chake asiniambie sipayui. Nguva yuko. Andika."

Sidhani ami aliacha mahali pake kwa ajili ya nguva siku ile, na sitasema hivyo ili hadithi ipendeze. Aliambiwa mbele za watu kwamba hajui kusoma matope yake mwenyewe, na hilo hakulikubali. Jarife ziliondolewa kwenye nyasi. Yeye alihamia ng'ambo ya kina kirefu, ambako ni mbali na samaki ni wachache, na kwa miezi kadhaa kila nikienda alinipokea kwa neno lile lile: "Nguva wako anakula vizuri kuliko mimi." Mkewe alianza kusuka mikeka ya kuuza. Nilichokifanya kiliwapunguzia chakula, na naliandika hilo bila kulipamba. Ningelifanya tena.

Nimekuwa nikirudi Siyu bamvua baada ya bamvua. Nimekaa mtumbwini nikitazama maji mpaka macho yanauma. Sijamwona hata mara moja, wala mgongo wake, wala pua yake ikivuta pumzi. Lakini maji yakipwa mifuo mipya ipo, iliyopinda popote alipopenda kupinda, na ile ya zamani imeanza kuota majani mapya membamba. Naitazama kama nilivyomtazama yule chui akigeuza shingo.

Mengine nimejifunza baadaye sana, nikiwa nimerudi chuoni. Umri wa nguva husomwa kwenye tabaka za meno yake marefu, kama mti unavyosomwa kwa miviringo yake. Nguva anaweza kuishi miaka sabini. Ami, siku ile tulipovuta nanga, alikuwa na hamsini na ushei. Huenda aliyeacha mifuo ile alianza kula pale kabla ami hajazaliwa.