Siku Niliyolitangulia Jua Bungoma

Nitawaambia, lakini mkicheka mcheke polepole, maana aibu hii hata leo ikinijia nikiwa peke yangu hujikuta nimefunika uso kwa mikono miwili, na kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyenituma. Nilijituma mwenyewe.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa naishi Tuwan, pale Kitale, nafanya kazi kwenye cyber ya mtu ya kulipia intaneti, na wateja wakipungua naandika programu. Kulikuwa na maktaba moja ya tarehe na saa niliyoipenda sana (maktaba kwetu waandika programu si nyumba ya vitabu, ni amri za kompyuta zilizokwisha kuandikwa na watu wa mbali, unaziazima ili usianze kila kitu upya). Ilijua kuhesabu miaka, miezi, hata kupatwa kwa jua, ila ilikuwa na kasoro iliyonikera: haikujua saa zetu. Watoto wakienda shule asubuhi, kwake ni saa saba, na sisi sote tunajua ni saa moja. Nikasema, acha niiboreshe. Nikaandika ipunguze sita, itaje asubuhi, alasiri, jioni na usiku, na bana, ilipendeza, nilikaa pale naisoma kama mtu anayesoma barua ya mpenzi.

Sasa, pale juu palikuwa na mstari mmoja wa kuongeza saa tatu, kwa sababu hesabu zote hizo huanzia London, na jua hutufikia sisi kabla yao. Nikautazama. Huku naongeza tatu, kule napunguza sita, huu si uchafu? Nikajiambia kwamba nikishapunguza sita nimeshaifikisha saa nyumbani, hizi tatu ni za nini tena? Nikaufuta. (Mtaniuliza mbona sikujaribu. Nilijaribu, kwa siku za kuzaliwa za rafiki zangu, na siku ya kuzaliwa haijali kama ni asubuhi ama mchana.)

Wakati huo nilikuwa nampenda Nekesa, mwalimu wa nasari, kwao ni Bungoma upande wa barabara ya Kimilili. Baba yake, Mzee Wafula, karani wa serikali aliyestaafu, alikuwa hataki kusikia habari zangu. Si kwa sababu wazazi wangu walitoka Kirinyaga wakanunua shamba Trans-Nzoia (hilo alilitaja mara moja akaliacha), ni kwa sababu hakuelewa ninakula kwa kazi gani. “Fundi wa mbao naona kiti,” alimwambia Nekesa. “Sasa huyo wako, mimi nitaona nini?” Nekesa akaniambia waziwazi kwamba nisipomwonyesha baba yake kitu, yeye ataacha kunitaja katika nyumba ile, maana amechoka kunitetea.

Basi ikasikika kwamba jua litapatwa. Nikaiuliza maktaba yangu, ikanijibu kwa Kiswahili safi: saa nne na dakika arobaini asubuhi. Nikapeleka habari kwa Mzee kwamba nitakuja mwenyewe, na kwamba saa hiyo jua litaliwa mbele ya macho yake. Nekesa akanipigia simu akasema, “Lakini redio imesema ni mchana, saa saba.” Nikamjibu (Mungu anisamehe), “Redio wanasoma tu waliyoandikiwa, mimi nimepiga hesabu.”

Siku yenyewe nilifika na vioo vyeusi vya watu wa welding nimeviazima Tuwan, nikakuta Mzee amealika majirani, kina mama wa kwaya na pasta, viti vimepangwa uani kama kuna harusi, na nyuma ya jikoni jogoo mkubwa amefungwa miguu akinisubiri. Nikasimama mbele nikaeleza mwezi, nikaeleza jua, nikagawa vioo. Saa nne na dakika arobaini ikafika. Watu wakaangalia juu. Jua la Bungoma likawaka, zima, bila kukosa hata kipande.

“Ngojeni kidogo,” nikasema. Tukangoja hadi shingo zikauma.

“Kijana,” jirani mmoja akauliza, “ama ni jua ya Kitale ndio itashikwa?”

“Labda mwezi imekwama Webuye nyuma ya lori,” mwingine akadakia, na kwaya nzima ikaangua kicheko, hata pasta nilimwona akijifanya anakohoa.

Mmoja mmoja wakaondoka. Nikasikia mama yake Nekesa akisema kwa sauti ya chini, “Fungueni huyo jogoo,” na naapa hakuna neno lililowahi kuniingia kama hilo. Nililetewa chai ya rangi na ndizi. Nekesa hakunitazama. Nilikaa pale uani natafuta kosa kichwani hadi mchana, na Mzee akatoka akasema kwa upole, jambo lililoumiza zaidi, “Nenda kijana, mvua isikupate njiani.”

Nikainama kuchukua mfuko wangu, nikaona kivuli cha mkono wangu kimekuwa chembamba, kimechongoka. Hakukuwa na wingu, lakini mwanga ulikuwa unapungua, ukawa wa rangi ya bati, na baridi ikanipitia shingoni. Chini ya ua wa miti, pale mwanga unapopenya kwenye majani, udongo wote ulikuwa umejaa vipande vya jua vilivyopinda kama kucha zilizokatwa. Ndege wakanyamaza. Yule jogoo aliyeponea chupuchupu akawaongoza kuku wake kuelekea bandani kulala.

Niliogopa, jamani. Nilijua kila kitu kuhusu jambo lile, lakini nilikuwa nimelizoea kama tarakimu, na sasa lilikuwa juu yangu, kubwa, kimya, halina haja na mimi. Watu walirudi wakikimbia. Mama yake Nekesa, ambaye kwa desturi yao hasogeleani na anayetaka kuwa mkwe, alikuwa bega kwa bega nami tukipokezana kioo kimoja, na hakuna aliyekumbuka kuona vibaya. Mzee alivua kofia.

“Hii ndio ulikuwa unasema?”

“Ndio, Mzee. Hesabu ilijua. Mimi ndiye nilifuta saa tatu.”

“Na watu wanaweza kujua hii mapema? Wakiwa wamekaa tu kwa nyumba?”

“Mapema sana, Mzee. Hata ile itakuja sisi tukiwa tumekufa.”

Mzee alibaki akitazama hadi mwanga ukarudi, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Niliporudi Kitale niliurudisha ule mstari, nikaapa kwamba mstari wa saa siufuti tena kabla ya kutoka nje kuliangalia jua lenyewe. Lakini kabla ya hapo Mzee alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono, hakuuachia.

“Lete wazee wako tuongee,” akasema. “Lakini saa ya kufika, hiyo Nekesa ndio atawaambia.”