Firigisi ya Ojwang

Asubuhi ile Ojwang alipopita ploti nzima, mlango hadi mlango, akitangaza kwamba Wakamba wawe wametoka mtaa wa Lindi kabla ya jua kuzama, Kasyoka, naye Mkamba, alichukua kisu akamchinja kuku wake. Kuku wa mayai huyo, mwenye kulala chini ya kitanda na mwenye dharau. Lakini yeye akifukuzwa, kuku ataliwa na waliomfukuza. Afadhali amle yeye, tena kwa heshima.

Heshima yenyewe ilikuwa ya mapishi ya Kimeksiko. Miaka sita alimpikia mzungu mmoja upande wa Kawangware, akajifunza kupika kuku, mchele, maharagwe, mahindi na hoho kwa chombo kimoja. Alipoonja mara ya kwanza alicheka: ni githeri tu, mahindi na maharagwe ya kwao Kitui, ila imesafiri.

Mzungu alishatoroka kwa ndege Januari ilipoanza kunuka moshi wa fujo za uchaguzi. Kasyoka hakuwa na ndege. Alikuwa na kuku na shida moja: karai lake la kukaangia lilikuwa kwa Nereah, mke wa Ojwang, mlango wa pili. Na tangu mwanasiasa mkubwa wa Wakamba akubali cheo serikalini, Nereah alikuwa hamsalimii, kana kwamba Kasyoka ndiye aliyeapishwa.

Alibisha kwa kiwiko, mikono imejaa manyoya.

"Mama Mitchelle, karai langu."

"Serikali yenu haina sufuria?"

"Iko nazo, haijanialika. Napika kuku ya Meksiko, kwao wale waigizaji wa TV yangu uliokuwa unawalilia kila jioni."

Nereah akalegea kidogo. "Kwani wale hula? Mimi huwaona wakilia tu."

"Njoo uone."

Alikuja, ati kulinda karai. Kuku alikuwa mzee, akachemshwa kwanza. Vitunguu vikakaangwa hadi vikawa hudhurungi, nyanya na hoho zikafuata, kisha bizari nyembamba, vipande vya kuku, mchele, maharagwe na mahindi ya jana, supu juu, kifuniko.

"Usikoroge," Kasyoka akaonya.

"Na ugali?"

"Meksiko hakuna ugali."

"Ndio maana wanalia."

Walikuwa bado wanacheka Ojwang alipoingia na rungu. "Hujafunga mzigo?"

"Nimefunga. Imebaki hii karai."

Ojwang alinusa, akaketi juu ya godoro lililofungwa kamba, ati kwa dakika moja tu. Alikula sahani moja, akaongeza ya pili, kisha akaanza kupekuapekua kwa kijiko.

"Firigisi iko wapi?"

Kasyoka alichungulia karai. Kwa mila, firigisi ni ya mwanaume mwenye nyumba. Lakini yeye alikuwa mjane wa miaka tisa. Mkono ulishazoea kuikatakata tu na nyama nyingine. Alisahau kabisa.

"Nimeila mimi," Nereah akasema, akitafuna. "Na wewe unaidai kama nani? Mwenye nyumba hii?"

"Mimi ni mwanaume!"

"Sawa, Baba Mitchelle. Basi hapa ni kwako. Sasa unamfukuza nani?"

Ojwang alimeza mchele uliojaa mdomoni. Akachukua rungu lake, akavuta stuli, akaketi mlangoni mwa Kasyoka akitazama nje.

Jua lilipokuwa linazama, kundi lilifika na fujo zake. "Mkamba yuko hapa?"

"Hapa ni kwangu," Ojwang akasema. "Piteni."

Walipita. Ndani, Kasyoka alianza kufungua kamba ya godoro, na Nereah akashika upande wa pili.

"Mama Mwongeli," Ojwang akamwita Kasyoka bila kugeuka, "ukoko umebaki?"