Mkwe Aliinama, Mume Wangu Akarudisha Miguu

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Watanzania wa huku tunajuana mpaka kwa magari. Nina miaka hamsini na moja, naishi Irving, Texas, huku Marekani, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Nimeolewa miaka ishirini na saba na mzee wa kanisa. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnisamehe lugha ikiteleza.

Tuna binti mmoja tu, nitamwita Neema. Alipata mchumba wa Kihindi walipokuwa wanasoma chuo pamoja Houston, nitamwita Rakesh. Ni kijana mpole, ana kazi yake, na alikuja kwetu na wazazi wake kujitambulisha kama inavyotakiwa. Mume wangu alinung'unika, akakubali. Kila nilipomwambia tuulize basi mila zao zikoje, alinijibu, "Wahindi nawajua mimi. Nimekulia Moshi, duka la Mhindi lilikuwa linatazamana na kwetu." Kumbe alichokuwa anakijua ni bei ya sukari.

Ndoa ya kanisani ilifungwa hapa Irving. Wazazi wa Rakesh walikaa benchi la mbele, wakasimama tuliposimama, wakainamisha vichwa wakati wa sala, na hakuna aliyewalazimisha. Wiki iliyofuata tukaendesha gari mpaka Houston kwa sherehe ya kwao. Wote tuliokaa jukwaani tuliombwa kuvua viatu. Mume wangu akagoma. Nikasema potelea mbali, ni viatu tu.

Mwishoni maharusi wakaanza kupita kwa wazazi. Neema akainama, akagusa miguu ya baba mkwe wake, kisha ya mama mkwe. Wakamwekea mikono kichwani, wakamwombea kwa lugha yao, mama yule analia kabisa. Kisha Rakesh akaja kwa mume wangu, akainama mbele ya vile viatu. Mume wangu akairudisha miguu chini ya kiti, akamsukuma begani, akasema kwa sauti, tena kwa Kiingereza ili kila mtu aelewe, kwamba yeye si mungu na hasujudiwi. Kijana akabaki ameinama, mkono hewani. Muziki ulikuwa umezimwa, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia.

Halafu Rakesh akageukia kwangu. Jamani, hapa ndipo ninapojichukia. Nilimtazama mume wangu, nikayaona macho yake, na mimi nikakunja miguu yangu. Rakesh akajiinua, akaweka sawa kilemba chake, akatushukuru kwa kuja.

Siku chache baadaye nikamsimulia nesi wa Kihindi ninayefanya naye zamu. Akaacha mashuka aliyokuwa anakunja. Akaniambia, "Hakuwa anamwabudu mtu. Alikuwa anaomba baraka. Unamgusa tu kichwa, unamwambia uishi miaka mingi, basi." Nikamuuliza, na ukikataa? Akasema, "Ukikataa, umemwambia mbele za watu kwamba huna baraka ya kumpa." Nilijifungia chooni kazini nikalia.

Nilipomweleza mume wangu hakutaka hata nimalize. "Mimi nimwombe radhi mtoto? Kwa kukataa miungu yao?" Huyu ndiye mtu ambaye kijana wa kanisani akisahau kumwamkia anamnunia mwezi mzima. Na shikamoo yenyewe tuliambiwa tangu shule kwamba asili yake ni nashika miguu yako. Maneno anayataka, ila mtu akiishika kweli anaruka. Bibi yake alikuwa akimtemea mate kifuani kumbariki kila alipokwenda safari. Hilo anatusimulia huku anacheka, na sijawahi kumsikia akiliita ibada ya miungu. Ya bibi yake ni baraka, ya wenzake ni ushetani. Hasira inanipanda hata sasa ninapoandika.

Miaka miwili imepita. Neema ananipigia mara moja kwa mwezi, tena saa ambazo anajua baba yake yuko kazini airport. Alipojifungua niliomba ruhusa kazini nikamlee uzazi, nimpikie mtori wa ndizi, nimkande kwa maji ya moto. Akanijibu, "It's okay Mama, mama mkwe yupo." Mimi mama yake mzazi nikabaki kutumiwa picha. Mjukuu wangu ana miezi mitano na sijambeba hata mara moja, na kutoka hapa mpaka Houston ni mwendo wa saa nne tu.

Sasa mwezi huu akanipigia. Bibi yake Rakesh yuko India, ni mzee sana, hawezi kupanda ndege, na anataka kumwona mtoto. Neema akasema, "Mama, twende wote. Bibi ameuliza mama yangu ni nani. But not Daddy. Siwezi ku-explain tena kwa watu." Tiketi yangu ameshaikata, viza nimepata.

Nilimwambia mume wangu ukweli, sikutaka kuondoka kama mwizi. Akasema, "Ukipanda hiyo ndege, ukirudi utakuta nimebadilisha kitasa." Kesho yake pasi yangu ya kusafiria haikuwepo kwenye droo. Nimeitafuta siku tatu, nimeikuta kwenye mfuko wa koti lake la kanisani. Sasa hivi ninayo, ila yeye hajui.

Simchukii. Amenitunza, hajawahi kuniinulia mkono, na ninajua akisema kitasa atabadilisha kweli. Mchungaji ameniambia nimtii mume wangu na Mungu atamlainisha moyo. Dada yangu aliye Moshi ananiambia nipande ndege bila kugeuka nyuma. Mimi nimekuwa mtu wa kuona kosa na kunyamaza maisha yangu yote, na kunyamaza huko ndiko kumeninyima mjukuu.

Ndege ni Alhamisi, tunakutana Houston. Nishaurini, nifanye nini? Ila wale mtakaoniambia nitii nibaki, mniandikie na cha kumwambia Neema, maana atakuwa amesimama pale uwanjani na mtoto mgongoni, ananisubiri.