Pete ya Mkwe Wangu Niliitupa Chooni kwa Mkono Wangu

Nianze na lililo baya kuliko yote, ili asiyetaka kunisikiliza aniache hapa hapa. Mimi ndiye niliyemharibu mkwe wangu. Msimsingizie shetani wala jirani. Ni mimi, na wakati nafanya nilijua ninachofanya.

Kijiji chetu kiko upande wa Kintinku, jina lake naliacha. Langu pia naliacha. Nina mtoto mmoja tu wa kiume, na mkewe nitamwita Lea, ingawa siyo jina lake. Ni binti wa Kinyaturu kutoka Ikungi, sisi ni Wagogo. Alikuja mwembamba, mpole, shikamoo yake ya kupiga magoti kila asubuhi. Nilimchukia tangu wiki ya kwanza. Jamani, mtu anaweza kumchukia mwenzake kwa upole wake? Anaweza! Mimi niliweza.

Lea alizaa mtoto wa kike, kwa siku mbili za uchungu. Kwetu mzazi anakaa ndani chini ya mkono wa mama mkwe. Mama mkwe ndiye anamkanda kwa maji ya moto, ndiye anamfunga tumbo, na ndiye anayesema sasa toka nje. Alizeti ilikuwa imekomaa na ndege wanaimaliza shambani. Wiki ya tatu nikamwambia atoke.

"Mama, bado sijisikii vizuri," akasema.

"Usijisikie vizuri una nini? Mimi nilizaa huyo mumeo, wiki ya pili nikatoka kuchunga."

Hilo lilikuwa kweli. Ila sikumwambia nilirudije kutoka huko machungani.

Sasa dada yangu unayesoma, hapa ndipo penye ungamo lenyewe. Mimi kizazi changu kilishuka nilipomzaa mwanangu. Miaka thelathini na moja! Asubuhi nakisukuma ndani kwa kidole, mchana kimerudi nje. Nakunja kipande cha kanga nakifunga huko chini kama nepi ya mtoto. Kanisani nakaa kiti cha mwisho, karibu na mlango, kwa sababu ya mkojo. Mume wangu, Mungu amrehemu, alihamia chumba cha pili mwanangu hajatembea, na sikuzaa tena. Hakuna aliyewahi kuambiwa, hata mama yangu mzazi.

Kwa hiyo Lea alipokuja jikoni, mtoto ana miezi miwili, akachuchumaa karibu yangu akaninong'oneza, "Mama, nikibeba maji nahisi kitu kinashuka, kama nimekalia yai," mimi nilijua ni nini. Nilijua kabla hajamaliza kusema!

Nikamwambia, "Kizazi kishuke kiende wapi? Kina miguu? Wewe ni mvivu, na uvivu umeanza kukutokea huko chini."

Akainamisha kichwa. Mimi nikaendelea kusonga ugali, nimekalia kile kitambaa changu.

Alimwambia mumewe. Mwanangu akampakia kwenye bodaboda ya rafiki yake wakaenda mpaka stendi, wakapanda gari la Manyoni. Walirudi jioni, uso wa Lea unang'aa hata nikashangaa. Akanieleza yote bila kuficha, maskini, akidhani ana mama.

Nesi amemfundisha mazoezi ya kubana, kama mtu anayezuia mkojo, afanye kila siku. Asibebe kitu kizito. Amepewa pete ya mpira, laini, inayoingia ndani na kukishika kizazi kisishuke. Siku zake akiwa mwezini anaweza kuitoa, akaiosha, akairudisha zikiisha. Upasuaji upo, lakini yeye bado msichana, anataka watoto, kwa hiyo wakamshauri pete kwanza, upasuaji aufikirie akimaliza kuzaa.

"Nesi amesema nitazaa tena, mama!" akaniambia. "Nitakuzalia babu." Alimaanisha mtoto wa kiume wa kuchukua jina la marehemu mume wangu, kwa sababu jina hilo nilikuwa namdai kila siku ya Mungu.

Mtu mwenye roho angeshukuru. Mimi nilikwenda nyuma ya zizi nikalia kwa hasira. Kumbe dawa ipo! Kumbe ni kipete cha mpira tu! Mimi nimetembea na nyama nje miaka yote hiyo, nimekimbiwa kitandani nikiwa binti, halafu haka katoto ka juzi kanashushwa na gari kameshapona? Huo ndio ulikuwa wivu wangu. Ningeweza kupanda gari lile lile kesho yake nikapewa na mimi. Lakini ningesemaje mbele ya watu kwamba nilikuwa na ugonjwa huo siku zote? Nikaona afadhali na yeye asiwe na pete.

Mambo yakazidi kunichoma pale mwanangu alipoanza kuchota maji. Mwanaume mzima, madumu manne kwenye baiskeli, mkewe amekaa anachambua mlenda! Wanawake kisimani wakawa wananiuliza, "Mama fulani, mkwe wako ni bibi wa serikali?" Wakacheka. Mimi nilicheka nao, nikarudi nyumbani na sumu.

Basi ikafika siku ya kupiga alizeti. Wanawake kama kumi hivi walikuja uani na fimbo zao, wakipokezana mbukwa, salamu yetu ya Kigogo, na utani, vichwa vya alizeti vimemwagwa kwenye turubai. Lea alikuwa amekaa pembeni anapepeta, kwa sababu kupiga alikatazwa. Mmoja akasema kwa sauti, "Kwetu anayepepeta ni kikongwe." Vicheko uani! Nikaingia ndani, mpaka chumbani kwao. Nilikuwa nimeshapekua mle mara nyingi, sitadanganya. Nilijua siku zake zimefika, na nilijua pete inakaa wapi. Kwenye kopo tupu la mafuta ya mgando, imeviringishwa kwa kitambaa cheupe kilichotakata kwa kufuliwa.

Nikatoka nayo nje. Nimeitundika kwenye ncha ya fimbo ya kupigia alizeti, watu wote waione.

"Njooni muone!" nikapaza sauti. "Njooni muone anachomfungia mwanangu! Mnashangaa kwa nini anachotewa maji? Mwanaume amefungwa kwa mpira huu! Anauweka huko kwake chini!"

Loh! Wanawake wakaacha fimbo. Wengine wakaziba midomo, wengine wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja tu, mtu mzima, alisema polepole, "Hiyo mbona ni kitu cha hospitali?" Nikamkata jicho akanyamaza.

Lea aliinuka, ungo bado uko mkononi. Hakulia. Alisema, "Mama, hiyo ndiyo imeshika kizazi changu."

Nikamjibu mbele ya wote, "Basi kishike kwa mkono."

Nikaenda nayo mpaka chooni, nikaitumbukiza shimoni. Nilisikia ikidondoka. Mungu wangu, nilifurahi! Ukweli ndio huo. Wale wanawake walipika ugali siku ile, na mimi nilikula vizuri.

Mwanangu alikuwa Itigi kwenye kazi ya ujenzi, hakurudi mpaka mwisho wa mwezi. Nilimwonya Lea asimwambie kwenye simu, la sivyo nitasema nimemkuta na mwanaume. Wala hakuthubutu kurudi Manyoni kuomba pete nyingine, kwa sababu kila alipopita watoto walimwita Mama Mpira. Hata kisimani alikuwa anakwenda saa za jua kali, peke yake, na dumu kichwani. Ndiyo, dumu! Nilimrudishia maji, nikamrudishia kuni, na alizeti ilipokwisha kupigwa nikamwambia tubebe magunia kuyaingiza ndani.

"Mama, tafadhali. Kimetoka chote. Kina kidonda."

"Shika huko."

Akashika. Tulipolifikisha gunia la pili mlangoni aliliachia, akakaa palepale kizingitini. Nikaona damu imelowesha kanga na kushuka mpaka kwenye kisigino. Nikamwambia anyanyuke asinichafulie mlango. Hilo neno nalisikia mpaka leo, na sauti ni yangu.

Jirani ndiye aliyempigia simu mwanangu. Alikuja mbio, akampeleka hospitali. Kizazi kilikuwa kimevimba nje, vidonda vimeingia usaha, hakirudi. Walihangaika naye wiki nzima, kisha wakamwambia kitolewe la sivyo atakufa nacho. Kikatolewa. Lea alikuwa na miaka ishirini na sita na mtoto mmoja wa kike.

Hapo ndipo jina la mume wangu lilipozikwa. Mwanangu hakuoa mwingine, amesema hataoa. Nililidai jina miaka yote, na nikalikata mwenyewe kwa mkono huu.

Mwanangu alipokuja kuchukua vyombo vyao kuhamia Manyoni, aliniuliza kitu kimoja. "Mama, ulikuwa unajua ile pete ni ya nini?"

Nikaapa kwa kaburi la baba yake kwamba sikujua. Nikasema mimi mtu wa zamani, aliyonieleza Lea sikuyaelewa, haya mambo ya hospitali yamenipita. Akaniamini! Akawa ananitumia sukari na salamu. Lea hakuja, lakini mwanangu alikuja mara moja moja, na mjukuu wangu alikuwa anakimbilia mapajani kwangu. Nikasema moyoni, imepita.

Msimu wa tatu baada ya hapo nikapata kikohozi kibaya. Kila nikikohoa nyama inatoka zaidi, mwishowe mkojo ukaziba kabisa. Siku nzima tumbo linauma sitoi hata tone. Mwanangu akaja na gari la kukodi, akanipeleka. Nikalazwa kitandani, pazia likavutwa, yeye akabaki nje ya pazia ameshika kanga zangu. Nesi alipofunua akashtuka. Wakanitoa mkojo kwa mpira, nikapumua. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama anauliza umri:

"Bibi, hiki kizazi kimeshuka tangu lini?"

Maumivu yalikuwa yameondoka na akili nayo. Nikajibu, "Tangu nimzae huyo hapo nje."

Pazia likasogea. Mwanangu akanitazama mimi, akaitazama ile nyama, akanitazama tena mimi. Akasema, "Kumbe ulijua." Akaweka kanga zangu miguuni kwangu taratibu, akaondoka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona mwanangu. Mjukuu wangu ameanza shule, nimesikia kwa watu.

Daktari alinieleza kama walivyomweleza Lea. Mazoezi kwa hali yangu hayatatosha. Upasuaji ungenifaa, lakini presha iko juu mno, mpaka ishuke. Kwa sasa pete. Akaiweka mwenyewe, na wallahi, nilisimama nikatembea mpaka mlangoni bila kitu katikati ya miguu. Miaka thelathini na moja! Nililia mle ndani mpaka nesi akadhani ameniumiza.

"Ila itolewe na kuoshwa," akasema nesi, "na mgongo wako huu hauinami. Nyumbani una nani wa kukusaidia, bibi?"

Nikasema, "Nina mkwe."

Nilirudi kijijini kwa basi, peke yangu. Nilivumilia miezi, pete ikaanza kutoa harufu, nauli ya kurudi sina na aibu ya kumwomba jirani ninayo. Nikakopa simu nikampigia Lea.

"Shikamoo, mama," akasema. Sauti ile ile ya magotini.

Nikamwambia yote. Nikaomba msamaha huku nalia, nikamwambia nilijua tangu mwanzo, ilikuwa wivu, nilikuwa mgonjwa kama yeye. Nikamwomba aje hata siku moja tu anitolee, anioshee, anirudishie.

Nyuma yake nilisikia mtoto akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu.

"Mama, ile pete yangu iko wapi?"

"Mwanangu, nisamehe."

"Iko wapi, mama?"

"Chooni."

"Haya," akasema kwa adabu ile ile. "Basi na wewe kishike kwa mkono."

Akakata. Simlaumu. Ningekuwa mimi, ningeongeza na matusi.

Nilijikakamua mwenyewe nikaivuta ile pete, nikajichana, na kuirudisha nikashindwa. Iko kwenye kopo la mafuta dirishani. Kizazi kiko nje tena, na mimi nimerudi kwenye kitambaa.

Mama wakwe wenzangu, akija binti wa watu akikunong'oneza kwamba kuna kitu kinashuka, achana na gunia, mpeleke hospitali! Na kama unacho na wewe, panda naye gari hilo hilo, mkae kiti kimoja, mkamwone nesi mmoja. Aibu yake na yako zitaishia mlango wa zahanati. Mimi yangu niliifungia ndani mpaka ikamla mtoto wa mwenzangu.

Na wewe binti unayefichwa ndani na mkwe kama mimi, usimwambie pete yako inakaa wapi.