Nilivyozindua Njia ya Mama Nyangeta

Bora kisa hiki mkisikie kwangu, maana hapa Bunda wanakisimulia wakikitia chumvi. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi kanisani kwetu. Tulimjengea Mama Nyangeta, mwanakwaya wetu anayetumia kiti cha magurudumu, njia ya zege ya kupandia hadi mlangoni, ili asibebwebebwe tena kwenye ngazi. Kila alipotaka kusema neno juu ya ujenzi, nilikuwaga namkatisha kwa upendo: "Mama, wewe tulia tu, tumeshakufikiria."

Uzinduzi tukauweka Jumapili ya mavuno. Mama Nyangeta akaitazama ile njia, akanitazama na mimi.

"Mwenyekiti, anza wewe."

Vigelegele! Na suti yangu ile, ningekataaje sifa? Yeye akahamia kwenye benchi, mimi nikakaa kwenye kiti chake, nikapunga mkono kama mgeni rasmi, nikaanza kusukuma magurudumu. Katikati ya mlima mikono ikaisha nguvu. Kiti kikasimama, kikafikiri kidogo, kisha kikaanza kurudi kinyumenyume. Mchungaji akaruka pembeni. Nikaita "Yesu!" kwa imani ambayo sijawahi kuwa nayo kwenye maombi. Nikatua katikati ya sadaka za mavuno, juu ya viazi, beseni la mtindi likanimwagikia mapajani.

Jogoo wa sadaka, miguu imefungwa, akawika.

Mama Nyangeta, pale kwenye benchi, akainama kunitazama, kwa upole kabisa.

"Mwenyekiti, sasa naweza kuongea?"