Siitiki Wito wa Kwanza

Walisema sitoweza. Walisema hivyo barazani Mkunazini, nje ya duka la spea la mzee mmoja wa asili ya Kiarabu, na walisema mimi nikiwa nimekaa palepale, kikombe cha kahawa mkononi. Kwamba mtu akishatolewa jeshini kwa maradhi ya akili, hata awe mzima namna gani, kwenye karatasi haponi. Kwamba jeshi halina kawaida ya kumwambia mtu samahani, tulikosea. Kwamba mtoto wa mama aliyelima mwani Makunduchi hana wa kumshika mkono huko juu. Mwenye duka ndiye aliyefunga mjadala.

"Sheikh, utamaliza soli za viatu," alinambia. "Rudi kwenye mafriji yako."

Nikamalizia kahawa yangu. Nataka ieleweke kwamba majibu nilikuwa nayo. Mimi nina diploma ya umeme, niliyoisoma bara jioni baada ya kazi za kambini, kwa mshahara wangu mwenyewe, wakati wenzangu wanacheza karata. Nilirudi Unguja na begi moja. Leo nina nyumba Chukwani, ya matofali niliyoyafyatua kwa mikono yangu, na kutoka Nungwi mpaka kusini ni hoteli chache ambazo viyoyozi vyake havinijui. Haya sikupewa na mtu.

Lakini ndani ya bahasha, chini ya godoro, kulikuwa na cheti changu cha kuachishwa jeshi, na palipotakiwa sababu pameandikwa skizofrenia. Neno hilo lilikuwa linaila diploma yangu. Chuo kimoja cha mafunzo ya amali kilinitaka nikafundishe. Nikasomesha somo la majaribio, wakafurahi, mkuu wa chuo akanisindikiza mpaka getini. Kisha wakaomba nipeleke cheti cha jeshi. Nikapeleka. Hawakunipigia tena simu, na siku nilipokwenda kuuliza, mkuu wa chuo alizungumza nami akiwa amesimama nyuma ya meza, kama mtu aliyeambiwa mbwa huyu anauma.

Namna neno lile lilivyofika pale nimeshaisimulia mara nyingi, hata mwenyewe nachoka kuisikia. Kwetu kusini, jua likishazama, ukisikia unaitwa jina na humwoni anayekuita, unanyamaza. Akiita tena, unanyamaza. Wito wa tatu ndio unaitika, kwa sababu, mama alikuwa akituambia, wasiokuwa watu hawaiti mara tatu. Hatukuwa tukilijadili jambo hili, kama tusivyojadili kuvua viatu mlangoni. Nilikua nalo, nikaingia nalo jeshini bila kujua kwamba nimelibeba.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka kulinda amani katika nchi ya watu, na usingizi ulikuwa haunijii vizuri. Hilo silifichi. Wengi tulirudi hivyo. Jioni moja, magharibi imeshaingia, nikiwa zamu kwenye ghala, afisa mmoja aliniita jina kutoka nyuma ya mikaratusi. Kanuni ya zamu inanitaka niulize, nani wewe. Mimi nikanyamaza. Akaita tena, nikanyamaza. Hakuita mara ya tatu. Alikuja mwenyewe, na kofi lilitangulia. Asubuhi akanitaka nijieleze, na mimi, kijana niliyefunzwa kumwambia mkubwa ukweli, nikamweleza kila kitu. Akaniandikia niende kwa daktari.

Daktari alikuwa mtu wa mbali na bahari, mpole, mwenye haraka. Aliniuliza kama huwa nasikia sauti zikiniita. Nikamwambia nasikia, na ndiyo maana sina pupa ya kuitika, kwani ile ya kwanza huwezi kujua kama ni ya mtu au si ya mtu. Akaandika. Akauliza kama nalala. Nikasema silali. Akaandika tena. Nilitoka mle ndani nikiamini kwamba nimejieleza vizuri sana.

Rufaa ya kwanza niliiandika peke yangu, kwa Kiswahili kilichonyooka, nikasema kwamba maneno yale sikuyasema, daktari amenizulia. Ikakataliwa. Nikamtafuta wakili, akaandika yaleyale kwa lugha nzito zaidi. Ikakataliwa. Jibu lilikuwa lilelile kila mara: nilete uchunguzi wa daktari mwengine. Mimi sikutaka daktari mwengine. Nilitaka yule wa kwanza aambiwe muongo.

Boti ya Dar es Salaam haimchukui mtu kwa diploma yake, na wakili naye hashibi kwa diploma. Nikakopa. Nilikopa kwa dada yangu, ambaye aliuza bangili yake ya dhahabu bila ya kunieleza. Nilikopa kwa fundi mwenzangu wa Mtoni. Na nilikopa kwa yule mzee wa duka, ambaye kila safari alifungua droo huku akiapa kwamba nazimwaga pesa zake baharini. Alikuwa na starehe yake moja. Kisa changu anakijua, na jioni akiwa ndani kabisa, kwenye kiza cha duka lake refu, akiniona napita alikuwa akiniita jina mara moja tu, kisha ananyamaza aone ntafanya nini. Nilikuwa nikisimama mlangoni kama mlingoti. Baraza nzima inacheka.

"Msimsumbue," alikuwa akisema. "Huyu mtu wa serikali, anataka nakala tatu."

Na mimi nikicheka nao. Mtu anayeambiwa mgonjwa wa akili hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, wanatazamana.

Dada yangu ndiye aliyeligusa jambo lenyewe. Nilimkuta pwani Makunduchi anatandaza mwani wake kwenye majani ya mnazi, nikamwambia rufaa imerudi tena. Hakuinua kichwa. Aliniuliza kwa nini naandika kwamba daktari kazua, na hali nilisema. Nikamwambia mtu mwenye elimu yangu hawezi kusimama mbele ya makanali akasema kwamba anachelea kuitwa na shetani.

"Mdogo wangu," akasema, "kusema kweli kulikutoa kazini. Haya, na kukataa kweli kumekupa nini? Nionyeshe."

Nikamsaidia kugeuza mwani mpaka maji yakaanza kujaa, nikaondoka bila ya kumuaga vizuri.

Nilianza kwenda hospitali ya wagonjwa wa akili, hapahapa Unguja, kuufuata ule uchunguzi wa daktari mwengine. Nakaa kwenye benchi la nje na kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, maana mameneja wa mahoteli nao wana jamaa zao wagonjwa, na sikutaka mteja anikute pale. Daktari alikuwa mwanamama wa makamo, mtulivu, mwenye sauti ya watu wa mjini. Alinichunguza kwa miezi. Aliniuliza juu ya usingizi, juu ya kazi, juu ya yale niliyoyaona nje ya nchi, na haya nilimjibu. Kila akifika kwenye sauti, nilimwambia hakuna, nilizuliwa. Hakubisha. Alikuwa akiandika kidogo sana kuliko yule wa kwanza, na jambo hilo lilinitia wasiwasi.

Siku moja alifunga faili, akavua miwani.

"Hebu nambie. Magharibi imeshaingia, unaitwa jina na mtu usiyemwona. Unafanyaje?"

Nikatazama juu. Feni lake lilikuwa linagonga, beringi imekwisha. Nakumbuka niliwaza kwamba lile ningelitengeneza kwa dakika chache.

"Mimi nangoja ya tatu," akasema. "Nimesoma nchi tatu, na mpaka leo nangoja ya tatu. Mume wangu ananiona kiziwi."

Nikavua kofia. Halafu nikamweleza yote: mikaratusi, kofi, haraka ya yule daktari. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba ataandika mambo mawili. Kwamba usingizi wangu uliharibika vitani, na ulistahili matibabu ambayo sikupewa. Na kwamba kungoja wito wa tatu ni malezi ya nyumbani kwetu, si maradhi. Lakini ripoti yake, akasema, haitosimama kama mimi mwenyewe nitaendelea kuwaambia kwamba sikusema.

Kwa hiyo nikaandika upya. Barua ile ilikuwa fupi kuliko zote na ilinitoa jasho kuliko mtihani wowote wa diploma. Ndiyo, niliandika, maneno yale niliyasema.

Baraza la rufaa lilikaa bara, kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachovuja. Nilikuwa na koti la kuazima, la fundi mwenzangu, linalonibana makwapani. Mwenyekiti alikuwa kanali mstaafu mwenye mvi, ambaye ripoti ya daktari alikuwa ameipigia mistari. Aliniuliza kama bado nina tabia hiyo. Hapo ndipo penyewe. Ningeweza kusema nimeiacha, kwamba ulikuwa ujinga wa utotoni, na nadhani nusu ya wale waliokaa pale walikuwa wananitakia niseme hivyo.

"Bado ninayo, afande."

Akaegemea kiti. Akaniuliza kwamba yeye akitoka, akaingia chumba cha pili, akaniita kwa jina mara moja, ntafanya nini.

"Ntaitika, afande. Huu ni mchana, na sauti yako nshaijua."

Mjumbe mmoja, mtu wa Tanga nilivyomsikia lafudhi yake, alicheka kwa pua, akaomba radhi, akajifanya anatafuta kalamu. Kanali hakucheka. Aliandika kitu kifupi, akanambia naweza kwenda. Huko nje nilikaa kwenye ngazi, nikalivua lile koti.

Jibu lilichukua muda mrefu kuja, na lilipokuja nilikuwa juu ya ngazi ya hoteli, waya mdomoni. Dada, ambaye barua zangu zilipitia kwake, alinisomea kwa simu. Kuachishwa kwa maradhi kumefutwa. Hapakuwa na ugonjwa uliotajwa. Nimehesabiwa kuwa nimetoka jeshini kwa heshima, na kiinua mgongo changu kilichozuiwa kilipwe. Nilimwambia haya, ahsante, nikamaliza kiyoyozi, kwa sababu sijawahi kuacha kazi nusu. Nilipofika nyumbani Chukwani nililala mchana kweupe, na viatu vyangu miguuni.

Nilikipeleka cheti kipya chuoni. Nafasi ilishachukuliwa na kijana mmoja. Nilimchungulia dirishani akifundisha, si mbaya, ingawa waya anaushika kama mshipi wa kuvulia. Mkuu wa chuo safari hii alizunguka meza akanipa mkono, akanambia tutawasiliana. Nikamwambia inshallah. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa mtu aliyeusukuma mlango miaka mingi, na ulipofunguka akakuta chumba kimeshahamwa.

Pesa zilipoingia nilianza Makunduchi. Nilitaka kumnunulia dada bangili kama ile, akakataa, akataka fedha taslimu, akisema mkono umeshazoea wepesi. Mtoni nikamlipa fundi mwenzangu na kumrudishia koti, nimelishonea bitana mpya.

Nilifika Mkunazini watu wameshatoka kusali magharibi. Baraza ilikuwa tupu, wenye kahawa wamekwenda zao, na taa ya nje haijawashwa. Nikasimama mlangoni na bahasha mfukoni. Kutoka ndani, nyuma ya mafeni na makopo ya rangi, mzee akaniita jina.

Nikanyamaza, nikangoja wacheke. Hapakuwa na wa kucheka.

Akaita tena, taratibu, bila ya mzaha ndani yake. Nikasikia kiti kinasogezwa. Kisha akaniita mara ya tatu.

"Naam," nikaitika, nikaingia kumlipa.